Kanuni za mradi wa chanzo huria zianze na anayeshika funguo

Mradi wa chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, unapoanza kukua, swali hili halikosi: tuandike kanuni rasmi za uongozi, au tuendelee kuelewana tu? Wengi hujibu kwa kuhesabu vichwa. Mkiwa wawili msijisumbue, mkifika ishirini andikeni. Kipimo hicho kinapotosha. SQLite, programu ya kuhifadhi data, ipo tangu mwaka 2000, imo ndani ya karibu kila simu mnayoijua, na inaandikwa na timu ndogo sana ambayo haipokei msimbo wa watu wa nje kama miradi mingine inavyofanya. Haina uchaguzi wala kura, na inakwenda. Upande wa pili kuna xz, maktaba ya kubana mafaili iliyotunzwa kwa miaka na mtu mmoja. Kwa idadi ya vichwa haikustahili hata mstari mmoja wa kanuni, na kilichoipata mwaka 2024 nitakifikia.

Kipimo ninachokiamini kina maswali mawili. Je, kuna kitu cha kugombea au kurithi, yaani jina, kikoa (anwani ya tovuti), haki ya kutoa toleo, akaunti ya kupakia vifurushi vya programu, fedha? Hivyo ndivyo ninavyoviita funguo. Na je, kuna watu wengine waliojenga kazi zao juu ya mradi huu? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, andika ukurasa mmoja, na uandike sasa mnapoelewana. Kanuni zinazoandikwa katikati ya ugomvi huandikwa na yule mwenye funguo.

Karatasi isiyogusa funguo

Kosa kubwa la miradi iliyoandika kanuni ni kuanza na kura, vyeo na vikao, huku vitu vyenyewe vimebaki kwa mtu mmoja au kampuni moja. Redis, hifadhidata inayotumiwa na tovuti nyingi, ni mfano ulio wazi. Salvatore Sanfilippo, aliyeianzisha mwaka 2009, aliachia uongozi mwishoni mwa Juni 2020. Mradi ukapewa kamati ya watu watano: watatu waajiriwa wa Redis Labs, mmoja wa Alibaba, mmoja wa Amazon. Kanuni ziliandikwa, kamati ikafanya kazi, na kwa karibu miaka minne mambo yalikwenda vizuri. Lakini jina na alama ya biashara vilikuwa mali ya kampuni hiyo ya Redis Labs. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 Redis haitatoka tena kwa leseni ya BSD, inayomruhusu yeyote kutumia na kubadili msimbo karibu bila masharti. Kamati haikuwa na kitu cha kuzuia hilo. Tarehe 28 Machi, Linux Foundation, wakfu unaosimamia miradi huria, ikatangaza Valkey, mradi uliojitenga kutoka toleo la 7.2.4, na baadhi ya watunzaji wa Redis wakahamia huko.

Wenye kusema kwamba kanuni ni karatasi tu huupenda mfano huu. Mimi nausoma tofauti. Kamati ilipewa mamlaka juu ya msimbo, ambao mtu yeyote angeweza kuunakili, ikanyimwa mamlaka juu ya jina, ambalo hakuna awezaye kulinakili. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinalijua hili: katiba iko kwenye daftari, lakini sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti.

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilionyesha jambo lile lile Septemba 2024. Kuna Wakfu wa WordPress unaoshika alama ya biashara, lakini tovuti ya WordPress.org, ambako mamilioni ya tovuti duniani huchukua masasisho na programu-jalizi, ni mali binafsi ya Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wake. Mgogoro wake na kampuni ya WP Engine, inayohifadhi tovuti za WordPress za wateja, ulipopamba moto, kampuni hiyo ikafungiwa seva hizo tarehe 25 Septemba, na wateja wake wakajikuta hawawezi kusasisha kama kawaida. Ikabidi mahakama ya shirikisho huko California iingilie kwa amri ya muda tarehe 10 Desemba 2024. Wenye tovuti Dar es Salaam au Nairobi hawakuwa na ugomvi na mtu. Walichokuwa hawakijui ni kwamba seva wanayoitegemea ina mwenyewe mmoja.

Orodha ya funguo

Kwa hiyo kabla ya neno lolote kuhusu kura, fungua faili lenye safu nne: kitu, anayekishika, wa pili wake, na lini kinaisha muda. Majina yawe wazi kwa wote. Nywila zenyewe, bila shaka, hazikai humo.

Anza na akaunti ya shirika kwenye GitHub au GitLab, tovuti zinazohifadhi msimbo. Wenye hadhi ya mmiliki wasipungue wawili na wasizidi watatu. Akiwa mmoja, akapoteza simu yenye namba za uthibitishaji wa hatua mbili pamoja na namba za akiba, GitHub haimwahidi kumrudishia akaunti, na mradi mzima unabaki nje ya mlango. Kisha nenda kwenye vifurushi. Kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, amri ya `npm owner ls` ikifuatiwa na jina la kifurushi inakuonyesha nani ana haki ya kupakia. Kwenye PyPI, ghala la vifurushi vya Python, kuna ngazi mbili, na tofauti yake ni kubwa: mmiliki anaweza kuongeza na kuondoa watu, mtunzaji anaweza kupakia matoleo tu. Miradi mingi ina watunzaji wanne na mmiliki mmoja, halafu inadhani iko salama kwa sababu majina ni matano.

Kikoa ndicho kinachosahaulika. Kinalipiwa kwa kadi ya mtu, kadi inaisha muda, barua ya kukumbusha inakwenda kwenye anwani asiyoisoma. Kuna mtego mbaya zaidi: akaunti ya msajili wa kikoa kufunguliwa kwa barua pepe iliyo kwenye kikoa hicho hicho. Kikoa kikikatika, barua pepe nayo inakatika, na kiungo cha kubadili nywila kinatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena. Tumia anwani ya nje, wawili wenye kuifikia, na lipia miaka kadhaa kwa mkupuo.

Mkitia saini matoleo kwa ufunguo wa GPG, programu ya saini za kidijitali, cheti cha kuubatilisha kiwe pia kwa mtu wa pili. Akifariki mwenye ufunguo au ukiibwa, bila cheti hicho wenzake hawawezi kuubatilisha ufunguo wenyewe ili saini ile isiaminiwe tena.

Mshika ufunguo wa kwanza na wa pili wasiwe waajiriwa wa sehemu moja. Na kila miezi sita, yule wa pili aingie kweli, mbele ya wenzake, aonyeshe kwamba ukurasa umefunguka. Orodha isiyojaribiwa huoza kimyakimya: mtu kabadili simu, kapoteza namba za akiba, na hakuna aliyejua kwa sababu wa kwanza alikuwepo siku zote.

Akiondoka mwanzilishi

Miradi mingi huongozwa na mwanzilishi mwenye kauli ya mwisho, na sioni ubaya. Ubaya uko pale ambapo haijaandikwa nini kitafuata akichoka. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya PEP 572 (PEP ni waraka wa pendekezo la kuboresha Python), Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, alijiuzulu uongozi wake na kuwaachia wenzake waamue watakavyojiongoza. Hakuteua mrithi.

Tazama walivyolazimika kwenda hatua kwa hatua, kwa sababu hatua hizo ndizo gharama ya kutokuwa na ukurasa. Kwanza walipaswa kukubaliana jinsi ya kukubaliana: ni nani mpiga kura, kura ihesabiwe vipi, ifungwe lini. Hiyo peke yake ikawa waraka, PEP 8001. Halafu mapendekezo saba ya muundo wa uongozi, PEP 8010 hadi 8016: kiongozi mmoja, watu watatu, baraza, bila kiongozi kabisa, na mengineyo. Kura ikapigwa Desemba 2018, PEP 8016 ikashinda, na baraza la kwanza likachaguliwa mwanzoni mwa 2019. Zaidi ya nusu mwaka ilipita, na hao ni watu waliofahamiana kwa miaka, wenye wakfu wao na fedha. Mradi wa watu wanne ungekufa mwezi wa pili.

Matokeo yake, waraka wa PEP 13, ni mfupi na ningewashauri wote waandikao kanuni wausome. Baraza lina watu watano. Si zaidi ya wawili wanaoweza kuajiriwa na kampuni moja. Linachaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa, na wanachama wanaweza kuliondoa kwa theluthi mbili ya kura. Kipande ninachokipenda ni pale baraza linapotakiwa kutumia mamlaka yake kwa uchache iwezekanavyo, na kutafuta mwafaka kabla ya kupiga kura. Kanuni nzuri humwambia mwenye mamlaka pia lini asiyatumie.

Kwa mradi mdogo, sentensi mbili zinatosha: "Akikosekana kiongozi kwa siku 60 bila taarifa, fulani anashika nafasi yake. Naye asipokuwepo, watunzaji walio hai huchagua mmoja kwa wingi wa kura ndani ya siku 14." Siku 60 si namba takatifu. Muhimu ni kwamba iwepo namba, ili asilazimike mtu kuwa wa kwanza kusema kwa mdomo wake kwamba kiongozi ametupotea.

Nani anamaliza mabishano

Apache Software Foundation, taasisi ya miradi huria iliyosajiliwa 1999, ina utaratibu uliojaribiwa kuliko wote ninaoujua, na una akili ndani yake. Jambo la kawaida hupita kwa ukimya: unatangaza unachotaka kufanya, unasubiri saa 72, asipopinga mtu unaendelea. Mabadiliko ya msimbo yanaweza kusimamishwa na mtu mmoja kwa kura ya turufu, lakini lazima atoe sababu ya kiufundi. Turufu isiyo na sababu haihesabiwi. Toleo, kinyume chake, linahitaji kura tatu za ndiyo za wenye haki na ndiyo ziwe nyingi kuliko hapana, na haliwezi kusimamishwa kwa turufu.

Wanaonakili kanuni hizi huchukua turufu na kuisambaza kila mahali. Hapo ndipo wanapoharibu. Msimbo mbaya uliokwisha kuunganishwa ni mzigo wa miaka, kwa hiyo inafaa mmoja aweze kusema subiri. Toleo lenye kuziba tundu la usalama likizuiwa na mtu mmoja mwenye kinyongo, watumiaji wote wanabaki uchi. Hatari mbili tofauti, kanuni mbili tofauti.

Saa 72 nazo zilichaguliwa ili watu wa mabara yote wapate nafasi. Kwa timu ya watu wanaofanya kazi hii usiku baada ya ajira, umeme ukikatika na bando likiisha, naona siku saba ni haki zaidi. Weka pembeni jambo moja tu: marekebisho ya usalama, ambapo watunzaji wawili wakikubaliana wanaunganisha papo hapo na kueleza baadaye.

Hesabu za kura ndizo zinazoua kanuni nyingi. Chukua mradi wenye watunzaji tisa ulioandika kwamba kanuni hubadilishwa kwa theluthi mbili ya watunzaji wote. Zinatakiwa kura sita. Baada ya miaka miwili, wanne wamepata kazi nyingine, hawajibu barua, lakini majina yao bado yapo. Waliobaki ni watano. Hata wakikubaliana wote, hawafiki sita, na kanuni inayowazuia kuwaondoa wale wanne ndiyo ile ile wasiyoweza kuibadilisha. Dawa ni mistari miwili: asiyefanya lolote kwa miezi 12 anahamia orodha ya wastaafu moja kwa moja, bila kura wala aibu, na akirudi anarudishwa kwa kuomba, na theluthi mbili zihesabiwe kwa kura zilizopigwa, si kwa majina yaliyopo.

Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, walitatua akidi kwa hesabu ya kuvutia. Katiba yao ya 1998 inachukua nusu ya kipeuo cha pili cha idadi ya waendelezaji, na akidi ya kura ya wote ni mara tatu ya hapo. Wakiwa 1,000, kipeuo cha pili ni 31.6, nusu yake 15.8, mara tatu 47.4. Yaani watu 48 wanatosha. Wakiongezeka mara nne, akidi inaongezeka mara mbili tu. Wameelewa kwamba mradi wa kujitolea ukikua, sehemu ya wanaoshiriki kila jambo hupungua.

Katiba hiyo ina kifungu kingine ambacho ningekiweka mwanzoni kabisa mwa kanuni zozote: hakuna ndani yake kinachomlazimisha mtu kufanya kazi. Asiyetaka kufanya jambo haulizwi, ila asiwazuie wengine kutekeleza kilichoamuliwa kwa halali. Rasimu nyingi za kanuni husahau hili na kuandika "mtunzaji atajibu kila ombi ndani ya siku tano." Hujamlipa, utamfanya nini siku ya sita? Andika matokeo badala ya amri: ombi likikaa siku 30 bila jibu, mtunzaji mwingine yeyote anaweza kulipitia na kuliunganisha.

Na msitegemee kanuni zilete amani. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian ilifungana nne kwa nne juu ya mfumo wa kuwashia kompyuta, systemd au Upstart, na kura ya mwenyekiti ikaamua systemd. Watu waliumia, baadhi wakajiuzulu, na mwisho wa mwaka Devuan, nakala ya Debian isiyo na systemd, ikajitenga. Lakini Debian yenyewe ilitoa toleo lake lililofuata na iko hai. Kilichofanywa na katiba ni kuhakikisha kwamba kulikuwa na siku ambayo jambo liliisha.

Malalamiko dhidi ya walio juu

Rust, lugha ya programu, ilikuwa na timu nyingi, mapendekezo ya maandishi na timu ya maadili ya kushughulikia ugomvi. Tarehe 22 Novemba 2021 timu hiyo yote ya maadili ikajiuzulu kwa mpigo, ikisema timu kuu haiwajibiki kwa mtu yeyote ila kwa yenyewe. Utaratibu wa malalamiko ulikuwepo, ila ulifika kwenye ngazi fulani ukakoma. Ilichukua hadi 2023 kupata muundo mpya, Baraza la Uongozi lenye wawakilishi wa timu.

Mradi mdogo hauwezi kuwa na timu ya maadili, na msijidanganye kwa kuandika kwamba mnayo. Mnachoweza ni kutaja watu wawili kwa majina, mmoja wao akiwa si mtunzaji, na kuandika wazi: anayelalamikiwa hashiriki kuamua, hata akiwa mwanzilishi.

Ambacho kanuni haziwezi

Sasa xz. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma marekebisho mwishoni mwa 2021. Mwaka 2022 akaunti nyingine zikamshinikiza mtunzaji, aliyekuwa amechoka na amesema hivyo hadharani, amwongeze mtu wa kumsaidia. Jia Tan akapewa haki, akaanza kutoa matoleo mwenyewe. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliugundua na kuutangaza tarehe 29 Machi 2024, baada ya kushangaa kwamba kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta ya mbali, kunachelewa takribani nusu sekunde.

Je, ukurasa wa kanuni ungezuia? Kanuni ya watu wawili kwa kila toleo inahitaji watu wawili, na hakuwepo wa pili. Hakuna kifungu kinachozaa mtunzaji. Hata hivyo tazama mlango ulipowekwa. Kipande kilichoamsha shambulizi kilikuwa kwenye faili la `build-to-host.m4`, na faili hilo lilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo lakini halikuwemo kwenye Git, kumbukumbu ya wazi ya mabadiliko ya msimbo. Wanaosoma msimbo kwenye Git hawangeliona. Kanuni ya mstari mmoja ingelifanya jambo kuwa gumu zaidi: kifurushi cha toleo hutengenezwa na seva kutokana na lebo ya Git (alama ya toleo), si kwenye kompyuta ya mtu, na mtu wa pili hulinganisha kabla ya kutangaza. Kanuni hiyo hata mradi wa mtu mmoja unaweza kuifuata, kwa sababu seva inakuwa shahidi.

Somo la pili la xz ni namna ya kumpa mtu haki. Ngazi zisiwe moja tu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na kufika Rwanda mwaka huo huo, una ngazi za waendelezaji zinazopanda kutoka `/dev/1` hadi `/dev/5`. Si lazima mfike tano. Tatu zinatosha: anayepanga hoja na hitilafu zinazoripotiwa, anayeunganisha msimbo, anayetoa matoleo. Kati ya ya pili na ya tatu weka muda, mwaka mmoja kwa mfano, na kukutana kwa sauti au uso kwa uso. Shinikizo la "mpe haki sasa hivi" likija kutoka kwa watu msiowajua, kanuni ya muda inampa mtunzaji aliyechoka jibu la kutoa bila kubishana.

Ukurasa wenyewe

Msinakili katiba ya Debian. Timu ya watu watatu haina haja ya mhesabu kura, kamati ya ufundi wala kura za kupanga chaguo. Vyeo visivyo na watu huwa uongo ulioandikwa rasmi, na mgeni akiusoma ataamini kuna mahali pa kukata rufaa ambapo hapapo. Faili moja, `GOVERNANCE.md`, lenye maneno yanayofanana na haya:

*Watunzaji ni waliotajwa kwenye faili la MAINTAINERS. Jambo la kawaida hupita baada ya siku saba lisipopingwa na mtunzaji kwa sababu ya kiufundi. Likipingwa na wasipoafikiana kwa siku 14, huamuliwa kwa wingi wa kura zilizopigwa. Zikilingana, huamua kiongozi. Toleo huidhinishwa na watunzaji wawili, na hutengenezwa kutoka kwenye lebo ya Git. Mtunzaji mpya hupendekezwa na mmoja na kukubaliwa kwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Asiyeshiriki kwa miezi 12 huhamia wastaafu. Kila kitu kilicho kwenye orodha ya funguo kina washikaji wawili wasioajiriwa pamoja. Kanuni hizi hubadilishwa kwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa, baada ya siku 14 za majadiliano ya wazi.*

Ongezeni mstari wa mrithi, mstari wa malalamiko, na kama kuna fedha, mstari wa nani anaidhinisha malipo. Fedha zikiwa kidogo, msifungue taasisi. Software in the Public Interest hupokea michango kwa niaba ya miradi na hukata asilimia 5. Software Freedom Conservancy hukata 10 lakini hubeba na mambo ya kisheria.

Halafu fungeni kanuni kwenye mashine kadiri inavyowezekana. Kama ukurasa unasema watu wawili, basi mpangilio wa tawi kuu kwenye GitHub udai idhini ya mtu mwingine kabla ya kuunganisha, na uwabane na wamiliki wenyewe. Kanuni ikisema kitu kimoja na mpangilio ukaruhusu kingine, watu hufuata mpangilio.

Kwa anayetaka kuutegemea mradi wa wengine

Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinaendesha takwimu za afya za taifa juu ya DHIS2, ambayo kiini chake kiko Chuo Kikuu cha Oslo, huku vikundi vya nchi vya HISP, mtandao wa mifumo ya taarifa za afya, vikifanya kazi kubwa ya kuiweka na kuiongeza. Sisemi ni vibaya. Nasema kila ofisi inayofunga mkataba juu ya programu huria ijue, kabla ya kusaini, kauli ya mwisho iko wapi. Kazi hiyo inachukua asubuhi moja.

Nakili ripo (hifadhi ya msimbo) kisha andika `git shortlog -sn --merges --since=1.year.ago`. Utaona nani ameunganisha msimbo katika mwaka mmoja uliopita na mara ngapi. Jina moja likibeba karibu zote, mradi ni wa mtu mmoja hata kama ukurasa wake unataja kumi. Angalia kwanza kama mradi unabana marekebisho kuwa kitu kimoja wakati wa kuyaunganisha, kwa sababu hapo amri hii haitaonyesha kitu na itabidi usome maombi yaliyofungwa moja moja. Tazama matoleo matano ya mwisho yalipakiwa na nani, na waajiri wao ni wangapi.

Mwisho soma wachangiaji wanatia saini nini. Linux tangu 2004 inataka mstari wa `Signed-off-by` tu, wa kuthibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo, ambao `git commit -s` huuweka, na haki ya msimbo hubaki kwa kila aliyeuandika. Pamoja na leseni ya GPL, inayodai kwamba matoleo yaliyobadilishwa yanayosambazwa nayo yabaki huru, hiyo ina maana kubadili leseni kungehitaji idhini ya maelfu ya watu. Mkataba unaoipa kampuni moja haki ya kutoa msimbo wako kwa leseni nyingine una maana tofauti kabisa: leseni unayoiona leo ni ya leo. Na leseni legevu kama BSD, Redis imeshaonyesha, hailazimu hata mkataba. Matoleo uliyonayo yatabaki huru daima. Yajayo, mwenye jina anaweza kuyafunga. Ukikuta hali hiyo, andika kwenye makadirio ya mradi wako gharama ya kuhamia kwenye mradi utakaojitenga, na nani katika timu yako atakayeifanya kazi hiyo.